Nakala Saba za Orodha ya Mabaharia

Barua ya wazi kwa maafisa wa forodha, uhamiaji, afya na usalama mnaopanda melini katika bandari za pwani yetu

Ndugu zangu,

Wengi wenu mnanijua kwa sura kuliko kwa jina. Mimi ni yule karani wa wakala wa meli aliyekuwa akiwatangulia ngazini, mkoba wa plastiki kwapani, huku akiomba Mungu kamba isilegee. Nimepanda meli miaka 26. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Bandari niliyofanyia kazi siitaji, wala kampuni iliyoniajiri, kwa kuwa nitakayoyasema hayakuwa ya bandari moja, na sipendi mtu mmoja avishwe kofia iliyoshonewa vichwa vingi.

Nawaandikia juu ya karatasi.

Siku niliyoanza kazi, bosi wangu alinikabidhi taipu, boksi la karatasi za kaboni na kijikaratasi kilichoonyesha nani anataka nakala ngapi. Orodha ya mabaharia: uhamiaji tatu, forodha mbili, afya moja, bandari moja. Saba. Ilibidi kugonga herufi kwa nguvu kama anayetwanga, ili wino ufike chini, na bado nakala ya saba ilitoka kama kivuli cha maandishi. Ukiiweka mbele ya dirisha ungeweza kubahatisha kwamba mstari fulani ni jina na mwingine ni tarehe ya kuzaliwa. Katika miaka yote ile sikumwona mtu akiisoma nakala ya saba. Aliyepewa aliitazama kwa heshima, akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili. Faili likijaa lilifungwa kwa kamba na kupelekwa stoo, na stoo ikijaa, panya walimaliza kazi.

Najua karatasi hizo hazikubuniwa hapa kwetu. Zamani kila bandari duniani ilikuwa na fomu zake, na kapteni aliyepita bandari kumi alijaza mambo yaleyale kwa namna kumi. Ndiyo maana mataifa yalikutana London na tarehe 9 Aprili 1965 yakapitisha mkataba wa kurahisisha usafiri wa baharini, ule ambao watu wa meli huuita FAL. Mkataba ukasema: karatasi za kuombwa meli inapoingia na kutoka ziwe na kikomo na ziwe na sura moja. Nyingi mnazijua kwa moyo: tamko la jumla la meli, tamko la shehena, la stoo ya meli, la mali za mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, na orodha ya bidhaa za hatari. Juu yake kuna tamko la afya, linalomuuliza kapteni iwapo kuna aliyekufa njiani bila ajali, iwapo kuna mgonjwa, iwapo amekutwa mtu aliyejificha melini. Hayo ni maswali ya haki. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia na amebeba nini. Sina ugomvi na swali. Ugomvi wangu ni kuulizwa swali lilelile na watu wanne waliokaa meza moja, kwenye chumba kimoja cha meli, kila mmoja akinyoosha mkono apewe karatasi yake.

Mkataba ule umekuwa ukirekebishwa. Tangu 8 Aprili 2019 serikali zilizo ndani yake zinatakiwa kupokea taarifa hizi kwa njia ya kielektroniki, na tangu 1 Januari 2024 zinatakiwa kuwa na dirisha moja: wakala au kapteni anaingiza taarifa mara moja, na kila idara inachota humo kilicho chake. Wala hatuwezi kusema sisi hatukuletewa mashine. Kenya ilikuwa na mfumo wa forodha wa Simba tangu 2005, ikafuata TradeNet, dirisha la pamoja la biashara, mwaka 2013. Tanzania iliingiza mfumo wake wa forodha, TANCIS, mwaka 2014, kisha ikaja na dirisha lake la pamoja. Nilihudhuria mafunzo ya mifumo ya namna hii zaidi ya mara tatu. Chai na sambusa zilikuwa nzuri, cheti ninacho nyumbani.

Baada ya mafunzo nilirudi kazini. Nikaingiza taarifa za meli kwenye mfumo. Nikapata ujumbe kwamba zimepokelewa. Halafu nikachapa nilichokwisha kukiingiza, nakala saba, safari hii kwa printa, nikapanda boti, nikapanda ngazi, nanyi mkagonga muhuri. Tulikuwa na madirisha manne tukaongezewa la tano, lakini hakuna aliyefunga yale manne.

Nitawasimulia Ijumaa moja. Meli ilikuwa imeleta ngano. Rubani wa bandari aliifikisha gatini saa tisa alasiri, bendera ya njano ikipepea. (Wananchi wengi wakiiona bendera ile hudhani kuna kipindupindu melini. Siku hizi maana yake ni kinyume: meli yangu ni salama, naomba ruhusa ya kuingia.) Afya walimaliza upesi. Afisa aliyefuata akaketi, akafungua mfumo kwenye simu yake, akachukua orodha ya karatasi, akaanza kuhesabu. Kwenye mfumo mabaharia walikuwa 21. Kwenye karatasi 22.

Alihesabu tena. Alikuwa na haki ya kuhesabu, na kwa kweli katika miaka yangu yote huyo ni mmoja wa wachache niliowaona wakisoma kilichoandikwa. Kumbe baharia mmoja, fundi wa mitambo, alikuwa ameshushwa bandari iliyotangulia na kupanda ndege kurudi kwao. Kapteni alirekebisha taarifa kwenye mfumo siku mbili kabla ya kufika. Lakini nakala za karatasi safari hii alizichapa ofisa mdogo wa meli kutoka faili la safari iliyopita, kwa kuwa alijua karatasi ni desturi tu. Mfumo ulisema kweli, karatasi ikadanganya. Na sheria ya ofisi ya afisa yule ilisema karatasi ndiyo hati.

Ikatakiwa barua ya kapteni ya kueleza tofauti, nayo iidhinishwe na mkubwa. Mkubwa alikuwa ameondoka saa kumi. Naibu wake alikuwepo na alikuwa tayari, ila muhuri ulikuwa kwenye droo, droo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa aliyekuwa njiani kwenda kwao shamba kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Meli ikakaa mpaka Jumatatu. Meli ya kukodi hulipiwa maelfu ya dola kwa siku, iwe inafanya kazi au imelala, na gharama hiyo haimezwi na mwenye meli. Inashuka hatua kwa hatua hadi kwenye bei ya unga. Lakini si hiyo inayonikaa kichwani. Makuli walikuwa wameitwa zamu ya usiku. Walikuwa wamekaa chini ya kreni, wengine na vyakula vyao ndani ya vifuko. Saa nne usiku msimamizi akawaambia waende, na kibarua ambaye hakufanya kazi halipwi. Sikupita mbele yao. Nilizunguka nyuma ya ghala.

Kwa siku nyingi niliamini tunachapa nakala saba kwa ajili ya usalama: moja ikipotea zipo sita. Ijumaa ile ilinifundisha kwamba kila nakala ni mlango mwingine wa kosa. Taarifa ikiwa mahali pamoja, ikikosewa, itaonekana imekosewa na itasahihishwa hapo. Ikiwa mahali saba, utasahihisha tatu, utasahau nne, na siku ya siku zitagombana mbele ya afisa asiyejua amwamini nani.

Na mashine inaweza kukagua mambo ambayo jicho lililochoka haliwezi. Kila meli kubwa ina namba yake ya Shirika la Kimataifa la Bahari, tarakimu saba, haibadiliki hata meli ikiuzwa mara tano na kubadilishwa jina na bendera. Utaratibu huo ulianza 1987 na kuwa wa lazima 1996. Kinachonifurahisha ni kwamba tarakimu ya saba ni mlinzi wa zile sita. Chukua namba 9074729. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo: 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumlisha, unapata 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na ndiyo tarakimu ya saba ya namba ya meli. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu. Ukikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inakataa papo hapo, na mfumo ulioandikwa vizuri utakwambia rudia kabla hujasonga mbele. Mimi nimewahi kugongewa mihuri minne kwenye tamko lenye namba ya meli iliyokosewa. Nilikosea mwenyewe, usiku, taa ikiwa imekatika. Meli ikaja, ikapakua, ikaondoka. Kwenye karatasi zenu mpaka leo imeandikwa meli nyingine.

Au chukueni tarehe. Kapteni anaandika 04/05. Kwangu mimi ni tarehe nne mwezi wa tano, kwa aliyesoma Kimarekani ni tarehe tano mwezi wa nne, na kama ni tarehe ya kwisha cheti cha afya ya meli, kile cha miezi sita, hapo ama kipo hai ama kimekufa. Ndiyo maana wenzetu wa kimataifa wametunga aina ya kamusi ya pamoja, inayosema kila taarifa iitwe nini na iandikwe vipi, mwaka kwanza, mwezi, kisha siku. Hata bandari zina majina ya mashine: Mombasa ni KEMBA, Dar es Salaam ni TZDAR, Zanzibar ni TZZNZ. Mifumo ya Mombasa na ya Dar ikitumia kamusi moja, meli iliyotoka KEMBA jana haitakuwa na haja ya kuanza upya kueleza TZDAR leo kwamba ina mabaharia 21 na majina yao ni haya. Sasa hivi inaeleza. Ni safari ya usiku mmoja, bahari ni ileile, hata samaki hawajui kama wamevuka mpaka.

Nawasikia mnavyojibu, maana tumekaa pamoja sana kwenye mesi za meli.

Mtasema mkaguzi wa hesabu akija anataka kuona karatasi yenye sahihi. Hilo ni kweli, na si kosa lenu ninyi mnaopanda ngazi. Ni la wakubwa wenu walionunua mfumo bila kubadilisha waraka wa ndani unaosema hati ni nini. Hapo ndipo ninapowaomba wakubwa hao wafanye jambo moja la kuchosha lakini la lazima: kila idara iandike, kwa kila karatasi inayodai, ni kifungu gani cha sheria kinachoidai kwa wino. Sidhani orodha itakuwa ndefu. Zitakazobaki bila kifungu ziachwe.

Mtasema afya ni jambo nyeti, lazima macho yaone. Sawa, meli yenye mgonjwa ipandwe, na watu wa afya wapande wa kwanza. Lakini Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 tayari zinaelekeza kwamba, inapowezekana, meli ipewe ruhusa kwa redio kabla haijafika, ikiwa taarifa zake hazionyeshi hatari. Kwa redio, ndugu zangu! Kama sauti ya kapteni kupitia redio iliaminika, kwa nini tamko lake lililotiwa kwenye mfumo kwa jina na nywila yake lisiaminike mpaka lichapwe?

Mtasema mtandao unasumbua. Hapa nawapa haki yenu yote. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichopewa jina la NotPetya kiliiangusha Maersk, moja ya kampuni kubwa kabisa za meli duniani. Mageti ya vituo vyake vya kontena yakaganda, malori yakapanga foleni, watu wakarudia kalamu na karatasi. Kilichowasaidia kuijenga upya mitambo yao ni nakala ya kumbukumbu muhimu iliyosalimika kwenye ofisi yao ya Ghana, na ilisalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, mashine ikawa imezimika kirusi kilipopita. Mimi nikisoma habari ile nilicheka peke yangu: kumbe kuna siku mgao wa umeme unaiokoa dunia. Julai 2021 ikawa zamu ya Transnet, Afrika Kusini, na Durban ikapooza kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo naam, karatasi iwepo kwa ajili ya siku mfumo unapolala. Lakini siku hiyo iandaliwe kama tunavyoandaa boya: fomu moja, nakala moja, mahali panapojulikana, na watu wafanye zoezi mara kwa mara wajue nani anaijaza na nani anairudisha kwenye mfumo umeme ukirudi. Hakuna baharia anayevaa boya akienda kulala kila usiku kwa kuwa meli inaweza kuzama.

Kuna jibu ambalo hamtalitoa hadharani, nalo nitalitoa mimi. Karatasi huleta mtu melini, na mtu akiwa melini kuna sigara. Kuna chupa. Kuna "kapteni, hapa pana kasoro ndogo". Mabaharia wa dunia wameupa Mfereji wa Suez jina la Mfereji wa Marlboro, na hawakuutunga utani huo kwa sababu ya mandhari. Kampuni za meli zenyewe zilianzisha mwaka 2011 mtandao wa kupambana na rushwa baharini, manahodha wao wakaanza kuripoti bandari kwa bandari wanachoombwa. Sijifanyi malaika. Nimebeba katoni za sigara ndani ya mkoba wangu wa plastiki, chini ya orodha ya mabaharia, kutoka kwa chifu wa meli kwenda kwa mtu, na nikabaki na pakiti mbili zangu. Sivuti. Niliziuza.

Na sisi mawakala tulikuwa na chakula chetu humo humo. Mteja wa Singapore au wa Ugiriki anatulipa kwa nini? Kwa kuwa tunajua afisa gani anataka nakala tatu na yupi anataka nne, yupi hapendi wino mweusi, yupi ukimpelekea saa sita atakwambia uje saa nane. Ujuzi wangu wa miaka 26, ukiutoa uungwana na salamu, sehemu kubwa ni ramani ya vikwazo. Dirisha moja likifanya kazi kweli, ramani hiyo haina bei. Kijana wangu aliyerithi kiti changu ataniona msaliti kwa kuyaandika haya. Ninachomwambia ni kwamba meli bado itataka maji, mafuta, daktari wa jino kwa baharia, fundi wa pampu saa tisa usiku. Kazi ya uwakala haitaisha.

Ila msisahau majahazi. Mifumo mingi imeandikwa kwa ajili ya meli yenye ofisa wa kompyuta na setilaiti. Nahodha wa jahazi la chokaa au la mikoko hana nywila, hana hata namba ile ya tarakimu saba. Nimeona wazee wakitoka gatini kwenda kumlipa kijana wa duka la intaneti ili awaingizie manifesti ya magunia arobaini, na kijana akaandika "kontena" kwa kuwa fomu haikuwa na gunia. Kaunta yenye karani wa serikali anayejua kuuliza na kuchapa, bure, pale pale penye majahazi, haigharimu kitu kikubwa.

Ombi langu ni dogo, ili lisiwe na pa kukataliwa. Msianze na yote. Anzeni na orodha ya mabaharia peke yake, na meli za kontena peke yake, ambazo zinakuja kwa ratiba na mnazijua. Kwa miezi mitatu, asiombwe mtu nakala yoyote ya orodha hiyo. Uhamiaji wasome kwenye mfumo, walinganishe na pasipoti na vitabu vya mabaharia ambavyo bado mtavishika mikononi. Forodha, afya na usalama wachote humohumo. Kosa likionekana, lisahihishwe na aliyeliingiza, kwenye mfumo, na muda wa kusahihisha uonekane na wote. Na kila idara imteue mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kuidhinisha usiku na wikendi, kwa jina, ili idhini isifungiwe droo. Mwisho wa miezi mitatu hesabuni saa: meli imefunga gati saa ngapi, kontena la kwanza limenyanyuka saa ngapi. Kisha bandikeni namba hizo ubaoni pale getini, makuli wazione.

Kama mtataka kulinganisha na zamani, nina daftari zangu za saa za kupanda na kushuka, meli kwa meli, tangu mwaka wa kwanza. Zimo ndani ya boksi lilelile la karatasi za kaboni. Mtu aje nyumbani kuzichukua, mimi ngazi siziwezi tena.

Wenu,
Karani mstaafu wa wakala wa meli